Kitabu Kilichoazimwa Mara Sabini na Nne

Kwa mujibu wa rejesta, kitabu kilichopendwa kuliko vyote katika chumba cha watoto kilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili, kilihusu madaraja, na kukibeba kulihitaji mikono miwili na nia. Kiliitwa Madaraja Makubwa na Wajenzi Wake. Kilikuwa kimeazimwa mara sabini na nne. Mkutubi wa chumba hicho hakuhitaji kuhesabu, kwa sababu mihuri yote sabini na nne aliigonga mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma, na hakuna hata mmoja uliokwenda upande.

Watoto walimwita Bi Mihuri, wakidhani hajui. Alijua tangu mwaka wake wa tatu kazini, na kwa kuwa jina lenyewe halikuwa na uongo ndani yake, hakuona cha kulalamikia. Aliingia maktaba ya mji akiwa mpiga chapa, akapelekwa chumba cha watoto kwa wiki mbili kumshikia mtu aliyekwenda kujifungua, na mtu yule hakurudi. Wiki mbili zile sasa zilikuwa zimetimiza miaka ishirini na sita. Ilibaki miwili astaafu.

Chumba kilikuwa upande wa kulia ukiingia. Kilikuwa na madirisha matatu, rafu zinazofika kifuani pa mtu mzima, stuli kumi na nane za mbao na moja ya plastiki ambayo hakuna aliyejua ilikotoka. Meza ya mkutubi ilikaa karibu na mlango ikiutazama mlango, kwa kuwa mlangoni ndipo vitabu vinapotokea na vinaporudia, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Yaliyoendelea nyuma ya mgongo wake aliyasikia tu: kurasa, minong'ono, mara mojamoja kicheko kilichozibwa kwa kiganja. Kelele zikizidi, aliuinua mhuri na kuugonga mezani pasipo na karatasi. Ilitosha.

Hakuwahi kumwambia mtoto asome nini, na hilo alijivunia kimyakimya. Mzazi akimwuliza kitabu gani kinamfaa mtoto wa miaka saba, alifungua rejesta, akataja idadi, akanyoosha kidole kwenye rafu. Maoni yana upande, alikuwa akisema. Mhuri hauna.

Barua ya Mkuu wa Maktaba ilimfikia Jumatatu. Ofisi ya Mkuu ilikuwa ng'ambo ya ukumbi, hatua kumi na nne kutoka mezani kwake, na asubuhi hiyohiyo walikuwa wamesalimiana na kuulizana hali ya magoti. Lakini barua ni barua, na hii ilikuwa na kumbukumbu namba juu na nakala kwa watu watatu chini. Ilisema kwamba idadi ya vitabu vinavyoazimwa na watoto imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Kwamba maktaba haina ukumbi wa mikutano. Na kwamba iwapo idadi haitapanda kufikia mwisho wa robo ijayo, chumba kitapangiwa matumizi mengine na vitabu vya watoto vitahifadhiwa kwenye kabati chini ya ngazi. Aya ya mwisho ilikuwa ya faraja. Kamati imeidhinisha vitabu vipya sitini vya watoto. Mkutubi achague, alete orodha Ijumaa.

Bi Mihuri aliisoma barua mara mbili, akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye faili. Halafu akageuza shingo, jambo asilolifanya mara kwa mara, akakitazama chumba. Alijaribu kukifikiria kikiwa na meza ndefu, viti ishirini na jagi la maji. Kazi yake ya miaka ishirini na sita ingeingia chini ya ngazi, pamoja na mafagio. Akaona hapana. Hilo hatalikubali, na kama njia ni kuchagua vitabu sitini ambavyo watoto wataviazima, basi nchi nzima haina mtu mwenye rekodi bora kuliko yeye.

Muuza vitabu alikuwa amekwisha kuleta katoni mbili za sampuli na orodha ndefu ya vitabu anavyoweza kuagiza. Bi Mihuri hakuzifungua katoni. Alifungua rejesta. Cha kwanza, Madaraja. Cha pili, mihuri hamsini na tisa, Kanuni za Usafi wa Mwili kwa Picha. Cha tatu, kitabu cha meno. Kwenye orodha ya muuzaji aligundua kwamba Madaraja kina ndugu zake tisa wa mfululizo mmoja: Mabwawa, Bandari, Reli, Mahandaki, Minara na wengineo, wote wanene, wote na Wajenzi Wake. Akawaandika wote tisa bila kusita. Hamsini na moja vilivyobaki akavijaza kwa vilivyofanana na vya usafi na meno. Ijumaa saa nne asubuhi orodha ilikuwa mezani kwa Mkuu, imepigwa chapa, nakala tatu.

Mkuu aliipitia akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema hivi ndivyo vitabu vya maana, na siku hiyohiyo akamtumia mwenyekiti wa kamati nakala yake.

Jumatatu iliyofuata Bi Mihuri alishuka ghorofa ya chini kwa Fundi. Fundi alikuwa mshona vitabu wa maktaba, mjane, mwenye vidole vilivyogandana kwa gundi kiasi kwamba alisema hawezi tena kuapa kwa kunyoosha kidole kimoja. Walianza kazi mwezi mmoja, na tangu hapo walikuwa wakitaniana kwa sura kavu za watu wanaohudhuria kikao. Bi Mihuri alimpa Fundi jina la Chini-kwa-chini. Fundi alimwita dada, na siku za mwisho wa mwezi, serikali. Siku hiyo alikwenda kumwomba atayarishe uzi imara, kwa kuwa vinakuja vitabu tisa vizito, ndugu zake Madaraja, na kama vitapendwa kama kaka yao, vitavunjika migongo.

Fundi aliendelea kupaka gundi.

"Dada," alisema, "hicho Madaraja kimetoka mara ngapi?"

"Sabini na nne."

"Na kwangu kimekuja mara ngapi?"

Bi Mihuri alifikiri. Akasema labda kimeshonwa vizuri kiwandani.

"Kimeshonwa hovyo. Mimi ndiye ninayejua. Kitabu cha namna ile kikisomwa mara kumi kinaachia kurasa. Kilete."

Alikileta, mikono miwili na nia. Fundi alikiweka mezani, akakifungua katikati, akainamisha sikio. Kitabu kililia kama kiatu kipya.

"Sikia. Hakijawahi kufunguliwa hapa," Fundi alisema. "Kitabu kinachopendwa na mtoto kinavunjika mahali pamoja, palepale anapopapenda. Ukikiacha mezani kinafunguka chenyewe hapo. Hiki kimetembea sana, dada, ila hakijafika."

Kisha, kama mtu anayeongea na gundi yake, akaongeza kwamba vitabu vyenye afya mbaya kuliko vyote chumbani kwake ni vile vilivyopotea.

Bi Mihuri alimwuliza kitabu kilichopotea kinawezaje kuwa na afya ya namna yoyote. Fundi akasema yeye ni fundi tu, mambo ya rejesta ni ya serikali.

Alipanda ngazi na Madaraja kifuani. Orodha yake, nakala tatu, ilikwisha kuondoka. Kamati ingekaa baada ya wiki tatu. Alifika mezani kwake, akafanya jambo ambalo watoto walisimuliana wiki nzima: alisimama, akashika kiti chake, akakigeuza.

Saa tisa watoto walipoingia kutoka shule walimkuta anawatazama. Wa kwanza alirudi nje kuhakikisha hajakosea mlango. Wengine waliketi wakiwa wamenyooka kama wanapigwa picha, kila mmoja na kitabu cha maana mikononi, na kwa saa nzima hakuna aliyefungua ukurasa wa pili. Siku ya pili walianza kumzoea. Siku ya tatu walimsahau, kama wanavyosahauliwa watu wazima wote wanaokaa mahali pamoja bila kusema kitu.

Siku hiyo ya tatu aliingia msichana wa miaka kumi ambaye wenzake walimwita Wakili, kwa kuwa hakuwahi kushindwa ubishi hata pale ambapo hakuna aliyebishana naye. Nyuma yake, kama kawaida, alifuata mdogo wake wa miaka minne, aliyeitwa Shahidi kwa sababu alikuwepo kila mahali alipokuwepo dada yake. Wakili alimketisha mdogo wake sakafuni mbele ya rafu ya chini, penye juzuu kumi na mbili za kamusi elezo ambazo mhuri haukuwahi kuzigusa. Akavuta juzuu ya tano, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kitabu chembamba kisicho na jalada la mbele. Akaketi, akasoma. Baada ya robo saa alikipachika kikaratasi, akakirudisha shimoni, akampa ishara mvulana wa dirishani. Mvulana akaja, akaingiza mkono, akatoa kilekile.

Chumba kilipofungwa saa kumi na mbili kasoro, jua bado liko dirishani, Bi Mihuri alipiga magoti, kila goti likatoa maoni yake, akaziondoa juzuu zote kumi na mbili. Nyuma yake, kati ya rafu na ukuta, palikuwa na nafasi ya shubiri moja. Ndani ya nafasi hiyo palikuwa na vitabu kumi na moja.

Alivijua vyote. Katika rejesta, mbele ya kila kimoja, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na neno Kimepotea. Kimoja kilipotea miaka tisa iliyopita. Kilikuwa mbele yake kimelala, kimezungushiwa kitambaa mgongoni, kimeshonwa upya kwa uzi wa buluu. Uzi wa buluu ulikuwa wa mtu mmoja tu katika jengo lile. Alikiweka sakafuni, kikafunguka chenyewe ukurasa wa thelathini na nane. Na kila kitabu kilikuwa na vikaratasi: vya daftari, vya tiketi, vya boksi la dawa ya meno, kila kimoja na alama yake ya kumtambulisha mwenyewe. Kile chembamba kisicho na jalada la mbele, Kamati ya Chini ya Meza, kilikuwa na sita.

Alianza kukisoma akiwa amepiga magoti, kwa nia ya kukagua uharibifu. Watoto wanne wanaofanya vikao chini ya meza ya chakula wanajaribu kugundua nani anaiba kengele ya shule. Alipoinua kichwa alikuwa kwenye sura ya tatu na mlinzi alikuwa mlangoni, anauliza kama amedondosha kitu.

Kesho yake alimwita Wakili mezani. Wakili alikuja na Shahidi. Kwenye meza palikuwa na Kamati ya Chini ya Meza na palikuwa na Madaraja. Msichana alivitazama vyote viwili, kisha akamtazama mkutubi, akaamua kwamba kukana hakutasaidia.

Bi Mihuri alimwuliza hiki chembamba kinasomwa na watu wangapi.

"Sita, bibi. Saba ukimhesabu yule anayesoma mwisho tu."

"Kwa nini hamkiazimi?"

"Mmoja akikiazima anakaa nacho wiki nzima. Watano wanakaa bure."

"Na hiki cha madaraja?"

"Hicho cha nyumbani."

"Mnakisoma nyumbani."

"Hapana, bibi. Kinaonekana nyumbani."

Alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni mila za mahali. Mtoto ukirudi nyumbani unaulizwa umeleta kitabu gani. Ukionyesha kitabu chembamba cha kuchekesha, unaulizwa kama masomo yamekwisha. Ukionyesha Madaraja, mama anasoma jina, baba anakipima kwa mkono, maswali yanaisha. Hakuna anayekuuliza kilichomo, kwa sababu hakuna anayetaka kuambiwa. Madaraja kikiwa kimechukuliwa na mwingine, unachukua Kanuni za Usafi. Meno ni kwa dharura. Kwao, kusema kweli, Madaraja kina kazi ya ziada: Shahidi hukikalia wakati wa kula. Kina kimo kinachofaa.

"Hata mezani nafika," alisema Shahidi, kuthibitisha.

Bi Mihuri alitazama mihuri yake sabini na nne. Ilikuwa imenyooka vilevile.

Aliuliza kama walijua kwamba ameviandika vimepotea. Wakili alisema walijua, na walipojua walifurahi, kwa kuwa kitabu kilichopotea hakuna anayekidai. Vikichanika huvishusha kwa yule mzee wa gundi, naye hawaulizi kitu ila kama wamenawa mikono.

Kilichofuata hakikuwa katika majukumu ya mkutubi. Shahidi alikuwa amekwisha kuingiza mkono nyuma ya kamusi elezo akatoa Mbuzi Aliyekula Ratiba, kurasa kumi na sita, kona zote zimetafunwa, si na mbuzi. Akamwekea magotini, akasubiri. Ilikuwa dhahiri kwamba anasomewa na yeyote aliyekaa. Bi Mihuri alisafisha koo. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kusoma kwa sauti chumbani humo chochote isipokuwa saa ya kufunga. Akasoma kwamba mbuzi alikula ratiba ya Jumatatu, na bado ana njaa. Akafungua ukurasa.

"Si hivyo," Shahidi alisema. "Mbuzi anasema polepole. Na bado... ana... njaa."

Akarudia, polepole. Kufikia Jumatano mtoto alikuwa anasema maneno ya mbuzi kabla ya ukurasa kufunguliwa, ingawa hajui herufi hata moja. Kufikia Ijumaa stuli nne zilikuwa zimesogezwa karibu. Mbuzi alipokula kengele ya mapumziko na tumbo likawa linalia saa nne kamili, Bi Mihuri alitoa sauti ambayo mlinzi, kutoka mlangoni, hakuitambua. Kilikuwa kicheko.

Alishuka kwa Fundi. Akamwuliza kama alijua.

"Nilijua gundi," Fundi alisema. "Mengine sikuuliza."

"Miaka tisa, Fundi. Bila hati ya kazi."

"Kitabu kilichopotea nikiandikie hati ya nani, dada?"

Bi Mihuri akamwambia kwamba mshono wa ukurasa wa thelathini na nane umekaa vizuri, na wote wawili waliielewa kuwa ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa.

Kwa Mkuu palikuwa pagumu zaidi. Hatua kumi na nne, na kila hatua alijua anachokwenda kusema na hakukipenda. Alisema orodha aliyoleta si sahihi, anaomba kuibadilisha. Mkuu aliuliza kama kuna kosa la chapa. Alisema hapana, kosa ni lake. Mkuu alivua miwani. Katika miaka yote hiyo alikuwa amesikia mambo mengi kutoka chumba cha watoto, lakini hilo hakuwa amelisikia. Akauliza orodha mpya itatokana na nini, kama si mihuri.

"Vikaratasi," alisema Bi Mihuri.

Mkuu aliuliza vikaratasi vya aina gani. Akajibiwa, vya dawa ya meno, kwa sehemu kubwa.

Walikubaliana, kila mmoja akiachia kidogo. Mfululizo wa Wajenzi ulikuwa umemfurahisha mwenyekiti wa kamati, ambaye alianza maisha akiwa mpimaji ardhi, na hakuna ambaye angemrudia kumwambia abadili furaha yake. Vitabu tisa vile vitabaki. Hamsini na moja achague upya kabla kamati haijakaa. Ila idadi, Mkuu alisema akivaa miwani, ni idadi. Watoto kusoma ni jambo jema, lakini barua haikusema kusoma. Barua ilisema kuazima. Kama wanasoma humohumo chumbani na wanatoka na kitabu kimoja cha kukalia, mwisho wa robo kabati ya chini ya ngazi iko palepale.

Hapo ndipo zile katoni mbili zilipofunguliwa. Bi Mihuri alipanga sampuli zote sakafuni, mia moja na arobaini kasoro mbili, akagawa vikaratasi, akatoa agizo moja: soma, na unapoacha, weka alama, hata kama ni mstari wa kwanza. Hakuna atakayeulizwa sababu. Kisha akakaa, kiti kikiwatazama, akaandika.

Aliandika mengi ambayo rejesta haikuwahi kumwambia. Vitabu vyenye dibaji ya mheshimiwa viliachwa kwenye dibaji. Kitabu kilichoanza na mtoto anaamka, anapiga mswaki na kuwashukuru wazazi kilipata vikaratasi tisa, vyote ukurasa wa kwanza. Hadithi ambayo mtu mzima anaingia mwishoni kueleza tumejifunza nini ilisomwa mpaka mtu mzima aliponyanyuka kusema, hapo ikafungwa kwa adabu. Wakubwa wa miaka tisa na kumi walitaka siri ambayo watoto wa kitabuni wanaifumbua wenyewe, sura fupi, na mtu wa kumcheka asiye wao. Wadogo walitaka neno moja linalorudi mpaka waliseme kabla ya msomaji, na picha yenye kitu ambacho maneno hayakitaji, ili wao ndio wakitaje. Kwamba wanyama hawasemi haikumsumbua yeyote. Mnyama mwenye kusema mambo ya busara aliwasumbua wote.

Vitabu vichache havikupata kikaratasi hata kimoja. Mwanzoni aliviandika chini kabisa, kwa tabia ya zamani. Wakili ndiye aliyemwonyesha kwamba havina vikaratasi kwa kuwa waliovichukua hawajaviachia bado. Mmoja alipatikana nyuma ya pazia na kitabu kuhusu shangazi asiyeonekana siku za Jumanne. Kikapandishwa namba moja.

Orodha ilikwenda, vitabu vikaja. Na idadi, kama alivyosema Mkuu, ikabaki idadi. Wiki mbili za kwanza za robo, chumba kilijaa mpaka stuli ya plastiki ikagombewa, na rejesta ilionyesha vitabu kumi na tisa vimeazimwa. Vyote Wajenzi.

Bi Mihuri alifanya anachofanya mtumishi wa umma akibanwa. Alisoma kanuni. Zilikuwa arobaini na moja, zimebandikwa nyuma ya mlango ambao mchana kutwa ulikuwa wazi, kwa hiyo kwa miaka mingi zilikuwa zikiutazama ukuta. Ya kumi na nne ilisema kwamba kitabu kitahesabiwa kuwa kimeazimwa pindi kinapovuka mlango wa chumba, na kuwa kimerudishwa pindi kinapoingia. Ya kumi na tano ilisema mtoto ana haki ya kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kwa muda usiozidi wiki moja. Ya muda usiopungua kiasi gani haikuwepo. Aliitafuta mara mbili.

Nje ya mlango palikuwa na kibaraza chenye paa, kipana, chenye mwanga, ambacho mlinzi alikitumia kukaushia mwavuli. Fundi alitengeneza mabenchi mawili marefu kutokana na rafu za zamani, safari hii akiwa na hati ya kazi, iliyogongwa mhuri.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mtoto anakuja saa tisa na Bandari yake kifuani, anarudisha, mhuri. Anachagua cha kusoma, anavuka mlango, mhuri. Anasoma benchini mpaka atakapochoka au zamu ya mwenzake ifike. Anaingia nacho, mhuri. Saa kumi na moja na nusu anachukua Mabwawa kwenda nyumbani kuonekana, mhuri. Mwenyekiti wa kamati hakuwa amekosea kuvipenda vitabu vile tisa. Zamani watoto kumi waligombea Madaraja kimoja. Sasa karibu kila nyumba ilikuwa na mjenzi wake, na wazazi waliokutana njiani walipongezana. Watoto walipata mabega mapana kwa kuvibeba.

Vile kumi na moja vilikuwa na mjadala wa peke yake. Wakili aliweka masharti: vikaratasi visiguswe, na jioni vitabu virudi nyuma ya kamusi elezo. Bi Mihuri alikubali, akafungua rejesta, na mbele ya kila Kimepotea akaandika Kimepatikana. Kwenye safu ya mahali kilipo aliandika: mahali pake.

Wiki ya mwisho ya robo chupa ya pili ya wino ilikuwa imekwisha. Mkuu alikuja mwenyewe, bila barua. Alisimama kibarazani mbele ya mabenchi mawili yaliyojaa watoto na ukimya uliokatika kwa vicheko, kitu ambacho kwenye mikutano yake hakikuwahi kutokea kwa mpangilio huo. Aliuliza wamefikia ngapi. Akaambiwa, elfu moja mia tatu na sita, tangu robo ianze. Aliuliza kama wale wa benchini wamo. Bi Mihuri alimwingiza ndani, akaufunga mlango ili kanuni zionekane, akaweka kidole kwenye ya kumi na nne.

Mkuu aliisoma. Akaisoma tena akisogeza midomo.

"Hii niliiandika mimi?"

"Wewe, mzee. Mwaka wako wa kwanza."

"Basi ni nzuri," Mkuu alisema. Alirudi nje, akakaa pembeni mwa benchi, kwa sababu ya magoti, karibu na Shahidi, ambaye kwa kuona mtu mzima amekaa alimwekea mbuzi magotini na kusubiri. Barua ya kubakiza chumba ilifika siku mbili baadaye, nakala kwa watu watatu. Mikutano ilihamishiwa ukumbi wa magazeti, ambako wazee wanaosoma magazeti waliipinga kwa sauti kubwa kila ilipofanyika.

Bi Mihuri aliigonga ile barua mhuri wa kupokelewa. Jioni hiyo, kabla ya kufunga, alijiazimishia mwenyewe vitabu viwili, kwa kuwa kanuni ya kumi na tano ilisema mtoto na haikusema mkutubi: Mahandaki Makubwa, na chini yake, Kamati ya Chini ya Meza, ambacho Wakili alimruhusu kwa siku tatu tu.

Mumewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na aliamini kwamba kusoma ni kitu kinachofanywa kwa kalamu mkononi. Hadithi za watoto aliziona kama peremende: hazikatazwi, lakini mtu mwenye umri wake hazili mbele ya watu. Aliuliza, kama kila jioni, amekuja na nini. Akamwonyesha Mahandaki. Mwalimu alikipima kwa mkono, akasema hicho ni kitabu, akaongea juu ya umuhimu wa mahandaki mpaka chakula kikapoa.

Siku ya pili alipofika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, Bi Mihuri alitoa kitabu chembamba chini ya kinene, palepale kwenye kabati alipokiacha, akakifungua penye kikaratasi chake, sura ya tano. Kulikuwa na kikaratasi kingine. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, kwa unyoofu, kutoka pembeni mwa gazeti, na kilikuwa sura ya tisa.

Kutoka chumba cha pili Mwalimu alikohoa, akamwuliza kama Mahandaki kinaendelea vizuri.

Alisema kinaendelea vizuri sana. Akavirudisha vikaratasi vyote viwili mahali pake, akaketi, akaanza kusoma haraka kidogo kuliko kawaida.